Sauti ya Nne na Mashine ya Kusaga

Shemeji yangu anasaga nafaka. Amesaga kwa miaka ishirini na sita katika chumba kile kile nyuma ya duka la dawa, na ukikutana naye barabarani utamjua kwa nyusi. Zina unga wakati wote, hata Jumapili akiwa ameoga mara mbili. Mtaani wanamwita Bwana Mashine. Mimi namwita shemeji kwa sababu alimwoa dada yangu mkubwa, na kwa sababu jina hilo linaniruhusu kumtania nitakavyo bila kugombana. Ruhusa hiyo nimeitumia vibaya mara moja tu, na hiyo mara moja ilitosha.

Mimi ni fundi viatu. Kanisani naimba sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume. Yeye anaimba ya nne, ile inayokaa chini kabisa na kuwabeba wengine wote. Tunakaa benchi moja, upande wa kushoto, tangu mwaka alipomposa dada. Sitajidai: mimi si mtu wa sala ndefu, na mahubiri yakivuka nusu saa macho yangu huanza kukagua soli za waumini. Kinachonitoa kitandani Jumapili ni nyimbo. Nasema zile za zamani, za kitabu, zenye beti nne na kiitikio, ambazo watu mia mbili wanaziimba kwa sauti nne bila mtu kuwafundisha, kwa kuwa kila mmoja alizisikia akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Wiki nzima kila mtu ana lake. Muuza mkaa ana lake, karani ana lake, mama aliyegombana na jirani ana lake tena la moto. Lakini mkifika ubeti wa pili, wote mnavuta pumzi mahali pamoja, na huyo jirani anapokea pale mwenzake anapoachia.

Na shemeji akiimba, benchi linatetemeka. Sitii chumvi. Ukiweka kiganja kwenye ubao wa mgongo wa benchi la mbele, sauti yake inakuja mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilizoea kuishika sauti yangu ya tatu kwa mkono kabla ya kuishika kwa sikio.

Katika kitabu chetu upo wimbo mmoja tunaouita Wimbo wa Lango, unamhusu msafiri aliyefika usiku na kukuta mwenye nyumba amemsubiri. Kwetu wimbo huo una utaratibu wake. Mstari wa kwanza wanauanza wanaume wa sauti ya nne peke yao, bila kinanda, bila mtu kuwapa sauti. Mstari wa pili ndipo kinanda na wanawake wanajibu, na nyumba nzima inafunguka. Kwa miaka yote hiyo aliyekuwa anaanza ni shemeji. Alikuwa anasimama, anafumba macho, anauchomoa mstari huo kifuani kama mtu anayetoa funguo mfukoni mwake mwenyewe, na kinanda kilipoingia kilimkuta palepale. Hakuwahi kukosea. Wazee wa sauti ya nne walikuwa wakimfuata bila hata kuwaza.

Mpaka Jumapili ile. Alianza kama kawaida. Kinanda kikaingia mstari wa pili, na kikaingia kwingine kabisa, juu yake. Wanawake wakafuata kinanda, wazee wakabaki na shemeji, sisi wa katikati tukagawanyika kila mtu na njia yake. Mstari wa tatu wimbo ukaanguka kama trei ya vikombe. Mchungaji akainua mkono, akaomba tuanze upya, safari hii kinanda kitangulie. Tukaimba mpaka mwisho, lakini vichwa vilikuwa vimeshageuka kumtazama shemeji, kimoja baada ya kingine, na yeye alikuwa anatazama vidole vyake.

Hakuna aliyefikiria kwamba kinanda ndicho kilichokosea. Kilikuwa kipya, cha umeme, kina taa na vitufe vingi, na mpigaji wake ni mwalimu wa chekechea anayesoma alama za muziki kama sisi tunavyosoma tangazo. Kati ya kitu hicho na mzee mwenye unga kwenye nyusi, nani alaumiwe? Hata mimi sikusita.

Nje, watu wakiwa wamesimama makundi makundi, nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "Shemeji, leo mashine imesaga mawe."

Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka, akapangusa nyusi, akasema ana mgeni nyumbani. Hakuwa na mgeni. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, na mimi methali hiyo nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa ushonaji kila wanapochezea visu.

Jumapili iliyofuata nikaweka kiganja kwenye ubao nikakuta kimya. Nikamtazama. Midomo inakwenda, maneno yote yamo, sauti hakuna. Nikasema moyoni kwamba amenuna, atanuna wiki mbili, atachoka. Wiki ya tatu bado. Nikimwongelesha ananijibu vizuri, ananiuliza habari za kazi, anacheka. Ila wimbo ukianza anafungua mdomo kama samaki na hakitoki kitu. Wiki ya sita nilikuwa sina hamu hata ya nyimbo zenyewe. Nazo zilikuwa zimekuwa nzito, sijui kwa nini. Wanawake wa sauti ya kwanza walikuwa wanatoka ibadani wakilalamika koo, wakilaumu vumbi.

Sasa, mama yetu. Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga, na kwa miezi minne alikuwa amelala nyumbani kwa dada, akiamrisha kila mtu kutoka kitandani. Hatimaye daktari alimruhusu kutoka nje akitumia fimbo, na akapanga Jumapili yake ya kurudi kanisani. Mchungaji alipomtembelea kumuuliza angependa nini, akasema hataki maua wala hotuba. Anataka Wimbo wa Lango, na uanzwe na mkwe wake. Shemeji, ambaye kwa miaka ishirini na sita hajawahi kumkatalia mama mkwe hata glasi ya maji, akajibu kwa upole kwamba atafutwe mtu mwingine wa kuanza. Mama akageuza uso ukutani. Akasema basi na yeye atabaki nyumbani mpaka mkwe wake apone hicho kinachomsumbua. Na Mama akisema, amesema.

Hayo yote niliyasikia Jumamosi, siku moja kabla, dada alipokuja kibandani kwangu. Hakuleta kiatu. Aliweka karatasi iliyokunjwa juu ya meza yangu, kati ya gundi na nyundo, akasimama mikono kiunoni.

"Nimeikuta kwenye mfuko wa shati lake nikifua," akasema. "Isome. Halafu uniambie ulimwambia nini mume wangu siku ile."

Ilikuwa karatasi ya kliniki ya masikio. Sikio la kulia limepoteza zaidi ya nusu ya usikivu. La kushoto limeanza. Sababu: kelele za kazini kwa miaka mingi. Haitarudi. Chini kabisa kulikuwa na tarehe. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Alikwenda kupimwa Alhamisi. Wimbo ulianguka Jumapili. Yaani alikuwa ameibeba karatasi hiyo siku tatu bila kumwambia mtu, akasimama kuanza wimbo akijiambia labda daktari ametia chumvi, na mimi ndiye niliyekwenda kumthibitishia mbele ya watu. Nilisikia aibu mpaka kwenye miguu. Dada hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikafunga kibanda nikaenda kwenye mashine. Shemeji alikuwa anakaza mkanda, peke yake, mota imezimwa. Anaukaza kwa kiganja, haangalii; anaugusa tu anajua kama umelegea. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba ulimi wangu hauna mfupa na haujawahi kuwa nao. Akaniashiria niketi juu ya gunia, upande wake wa kushoto. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa muda mrefu sasa huwa ananiweka upande wa kushoto.

"Shemeji, si maneno yako," akasema. "Wewe umesema kweli. Sikio limekufa. Nilijua linazeeka, sikujua kama linanidanganya. Siku ile mimi nilijisikia niko sawa kabisa. Sawa kabisa, unaelewa? Kama mtu anaweza kujisikia sawa na huku anaharibu wimbo wa watu wote, si bora anyamaze?"

Nikamwambia kuhusu Mama. Akasema anajua, na kwamba analala na jambo hilo na kuamka nalo, lakini hawezi kumrudisha mama mkwe kanisani kisha amwangushie wimbo mbele ya macho yake.

Mteja akaleta debe la mahindi. Shemeji akasimama, akavuta swichi, mota ikaanza kuguna, ikapanda, ikatulia kwenye kasi yake, ikawa inavuma tupu kabla hajamimina nafaka. Na mimi, nikiwa nimekaa pale na moyo mzito, nikajikuta nimeanza kuimba chinichini. Nilikuwa naimba Wimbo wa Lango, mstari wake, ule wa sauti ya nne, na ulikuwa umelala juu ya ule mvumo barabara, bila kuchomoza hata ukucha.

Nikamshika mkono asimimine. Nikamuuliza kwa kumkaribia sikio, "Hii sauti ya kuanzia, huwa unaitoa wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza jua linatoka wapi. Akaonyesha mota kwa kidevu. "Hapo. Naiwasha kila asubuhi, naimba nayo kidogo kabla watu hawajaja. Miaka yote. Siku hizi hata siisikii sana, naishika tu." Na akaweka kiganja kifuani.

Basi mashine iliyomla sikio ndiyo iliyomtunzia sauti yake. Nikafikiri polepole, maana mimi akili yangu ni ya kushona, inakwenda tundu kwa tundu. Mota haijabadilishwa. Mvumo ni uleule. Wimbo umekaa juu yake kama zamani. Sasa aliyehama ni nani?

Nilimwambia nakwenda kanisani narudi sasa hivi. Akasema, "Acha, shemeji, usinitafutie faraja." Mteja naye akauliza kama mahindi yake yatasagwa leo au Krismasi. Nikatoka nikiwa nimeishika sauti ile mdomoni.

Sijui kama umewahi kubeba sauti moja kutoka sehemu moja hadi nyingine. Ni sawa na kubeba maji kwenye viganja. Ukicheka, imekwenda. Ukijibu salamu, imekwenda. Nikapita duka la dawa nikivuma, mmm, navuta pumzi puani, mmm tena. Kinyozi akanisalimia nikampungia mkono. Mteja wangu mmoja akanifuata akiuliza viatu vyake vya harusi, nikamkodolea macho na kuendelea kuvuma, akarudi nyuma hatua mbili. Pikipiki ilipopita nikaziba masikio yote mawili katikati ya njia. Kwenye lango la kanisa nikakutana na mchungaji mwenyewe, mikono amenyoosha, bwana asifiwe, habari za Mama. Nikampita nikivuma. Baadaye aliniambia alirudi nyumbani akaniombea.

Ndani, mwalimu alikuwa anafanya mazoezi ya kesho. Nikamwonyesha kwa vidole kitabuni, Wimbo wa Lango, sauti ya nne, alama ya kwanza kabisa. Naye mtu mwema, hakuuliza, akabonyeza.

Haikuwa ile niliyoibeba. Kinanda kilikuwa juu yangu. Nikavuma kwa nguvu zaidi, akabonyeza tena, akakunja uso. Akashuka kitufe kimoja, bado. Akashuka cha pili, tukakutana.

"Lakini hapa ni vitufe viwili chini," akasema, anashangaa. "Kitabuni haikuandikwa hivi." Akainama kwenye kile kidirisha chenye taa, akasoma, akaweka mkono mdomoni. "Mungu wangu. Ile harusi."

Akanieleza. Kinanda hicho kina kitufe cha kupandisha na kushusha wimbo mzima bila mpigaji kubadilisha vidole. Jumamosi moja, wiki sita zilizopita, kwaya ya maharusi ilimwomba apandishe ili waimbaji wao wang'are. Akapandisha. Harusi ikaisha, akazima, akaenda kula keki. Alidhani kikizimwa kinasahau. Hiki hakisahau. Kwa wiki sita kanisa zima lilikuwa linaimba juu ya mahali pake, akina mama wanalaumu vumbi, na hakuna aliyejua kwa sababu hakuna mwingine kati yetu aliyekuwa na pa kupimia. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki mahali pake, na huyo ndiye tuliyemgeukia.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu na tumbo langu hapaswi kukimbia, lakini nilikimbia. Shemeji alikuwa amemaliza debe, amezima mota, anafagia. Nikamwambia yote nikiwa nahema, upande wa kushoto, na nikayarudia. Alipoelewa alikaa juu ya gunia, akavua kofia, akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kutikisika. Alipoitoa, machozi na unga vilikuwa vimekorogeka mashavuni, na mimi kwa mara ya kwanza tangu amwoe dada yangu sikuona cha kutania.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa," akasema.

"Ulikuwa sawa."

"Nilivyojisikia ndivyo ilivyokuwa."

"Ndivyo."

Akashusha pumzi ndefu, pumzi ya wiki sita. Kisha akasema sikio ni bovu hata hivyo, karatasi haikudanganya, na kuanzia Jumatatu atavaa vile vifuniko vya masikio ambavyo daktari alimwambia avae. Nikamwambia nitamshonea mkanda wa ngozi wa kuvishikilia. Tukaongea habari za ngozi kwa muda, kwa sababu mambo mengine yalikuwa makubwa mno kwa siku moja.

Mwalimu alikuja mwenyewe jioni ile kumwomba radhi, na dada alimlazimisha kunywa chai. Mama alipopelekewa habari akauliza nguo yake ya bluu imepigwa pasi au bado.

Jumapili alikuja na fimbo, nguo ya bluu, akakataa kushikwa mkono, akaketi mwisho wa benchi letu. Mchungaji alitangaza wimbo. Kabla ya kusimama shemeji akaniinamia. Akaninong'oneza kwamba siku hizi wanawake wakijibu sauti yao haimfikii vizuri, wapo upande wa sikio bovu. Akaomba nimguse kwa kiwiko wakijibu, ajue hayuko peke yake.

Akasimama. Akafumba macho, akaweka kiganja kwenye ubao wa benchi la mbele. Kanisani wote walikuwa wanakumbuka, na niliona mgongo wa mwalimu ulivyonyooka kwenye kinanda. Akaanza. Wazee wa sauti ya nne walisitasita nusu neno, kisha wakamfuata. Mstari ukaenda mpaka mwisho wake, ukatua. Kinanda kikaingia palepale alipouacha, na akina mama, ambao sauti zao zilikuwa zimeteseka mwezi na nusu, wakaingia kwa raha kama watu waliovuliwa viatu vinavyobana. Benchi likatetemeka mpaka kiwikoni kwangu. Nikamgusa. Akatikisa kichwa kidogo, kwamba amepata. Kule mwisho wa benchi Mama alikuwa anaimba kwa sauti yake ya kukwaruza, kitabu kimefungwa, fimbo inapiga sakafu.

Nje, watu wakiwa wamesimama makundi makundi, wanamsalimia Mama, wanampa shemeji mkono mmoja baada ya mwingine, yeye akanigeukia. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Shemeji, leo sauti ya tatu sikuisikia kabisa. Ni sikio langu, au ni wewe?"

Wote wakanitazama, wakisubiri jibu langu maana wananijua. Nilitafuta mzaha nikaukosa. Nikamwambia si sikio. Nikamwambia sikuimba hata neno moja, koo lilinifunga tangu mstari wa pili hadi mwisho.

Akaniwekea mkono begani, ukaacha alama ya unga kwenye koti langu jeusi.

"Basi Jumapili ijayo," akasema, "nitakugusa mimi."